Kromu Ni Nyembamba Kuliko Unavyodhani: Maongezi na Wenye Pikipiki za Zamani

Wazee wangu shikamooni. Vijana mambo vipi, karibuni sana, sogeeni huku mbele mwenye nafasi akae, naona mpo wengi na pikipiki mmezipanga vizuri kivulini. Leo siongelei injini wala umeme wala kabureta, nimeombwa niongelee kitu kimoja tu, kung'arisha kromu ya pikipiki ya zamani bila kuiua. Na nasema bila kuiua kwa makusudi kabisa, kwa sababu pikipiki nyingi zinazofufuliwa hapa Tanga na kwingine ukanda huu wa pwani, kromu yake ilishapambana na chumvi ya bahari miaka 40, 50, ikabaki, halafu ikaja kuuliwa jioni moja na mwenyewe anayeipenda, ana brashi ya waya mkono mmoja na msasa mkono wa pili, anatokwa jasho, anaona anafanya kazi.

Sasa tuanze na hiki kitu chenyewe. Ukiangalia madigadi ya BSA, ile pikipiki ya Kiingereza, au ekzosi ya Honda unaona kioo, unajiona sura, na akili inakwambia lile ni bati zima la kromu. Sio. Lile ni chuma cha kawaida, kimetumbukizwa kwenye maji ya dawa na kupitishwa umeme, ikashika nikeli kwanza, pengine na shaba chini ya nikeli, halafu juu kabisa ndo ikaja kromu, na hiyo kromu ya juu unene wake kwa kawaida ni robo mpaka nusu ya maikroni. Maikroni ni milimita moja ukiigawa mara elfu. Unywele wa mtu ni kama maikroni 70 hivi, kwa hiyo ukitaka kuufikia unene wa unywele mmoja itabidi upange kromu za madigadi zaidi ya mia moja, moja juu ya nyingine. Nikeli ya chini ni nene zaidi, maikroni 10, 20, kuendelea, na ndo inayokizuia chuma kisioze na ndo inayotoa ule mng'ao mzito, kromu yenyewe kazi yake ni kuilinda nikeli isifubae na isikwaruzike. Hilo ndo neno langu la leo jamani, mengine yote nitakayosema yanatoka hapo: kila unaposugua unasugua kitu chembamba kiasi hicho, na kikiisha hakioti tena.

Halafu kuna hili la kutu. Watu wanasema kromu imeota kutu. Kromu haioti kutu, inajitengenezea yenyewe ngozi ya oksidi isiyoonekana kwa macho na inatulia. Ila kromu ina nyufa na vitundu vidogo mno, na nikeli nayo ikiwa imepakwa nyembamba au imegongwa na kokoto inapitisha, unyevu unaingia, chuma kinaanza kuliwa chini na ile kutu inapanda juu kupitia kitundu kisha inatandaa. Chukua rimu ya zamani uiangalie kwa karibu, tumia lenzi kama unayo. Utaona kutu imeanzia wapi? Pembeni ya nipo za spoku, zile nati ndogo zinazoshika spoku kwenye rimu, pale maji yanapokaa, kila nipo imezungukwa na duara la kahawia, na katikati ya nipo na nipo kromu ni nzima kabisa, inang'aa. Sasa lile duara lote la kahawia, sehemu kubwa limelala JUU ya kromu, halijaila. Ukiliondoa taratibu chini yake utakuta kromu yako bado ipo, na katikati vitone vichache vyeusi, hivyo vitone ndo mashimo yenyewe. Hapo ndo penye tumaini. Mtu anaona rimu nyekundu nzima anasema hii imekufa tukapake silva, kumbe asilimia kubwa ya kromu imejificha tu.

Kabla hujagusa chochote jua pikipiki yako ni ya lini. Kromu iligunduliwa mwaka 1797 na Mfaransa Louis-Nicolas Vauquelin lakini kuipaka kwenye vyuma kibiashara ni mambo ya katikati ya miaka ya 1920, na kwenye pikipiki ikaja kuenea tunakaribia 1930. Kabla ya hapo kilichokuwa kinang'aa ni nikeli tupu, rangi yake ina joto, ina unjano kidogo ukiiweka karibu na kromu. Sasa kama mtu ana bahati ana pikipiki ya 1925 halafu anaenda kuipiga kromu, anaiharibia umri wake. Na kuna hili ambalo wenye pikipiki za Kiingereza mlijue, wakati wa vita vya Korea, 1950 mpaka 1953, nikeli iliadimika sana duniani, na kwa kuwa kromu ya mapambo haikai vizuri bila nikeli chini yake, viwanda vya Uingereza vikapunguza kromu, pikipiki za mwaka 1952 unakuta rimu imepakwa rangi ya fedha kiwandani, tangi lina rangi tupu. Kwa hiyo ukiikuta ya mwaka huo haina kromu rimuni usimlaumu aliyekuuzia kwamba kachakachua, inawezekana ndo ilivyozaliwa.

Hatua ya kwanza ni sumaku. Kabisa, nunua sumaku ndogo tembea nayo. Kinachong'aa kwenye pikipiki sio chote ni kromu, kava za injini ni aluminiamu, sumaku haishiki, na aluminiamu ina namna yake ya kung'arishwa ambayo ukiileta kwenye kromu umeharibu na ukiipeleka ya kromu kule haifai vilevile. Sumaku ikishika na pana kioo, hicho ni chuma chenye kromu. Kuna vitu vidogo kama vishikio vya taa au nembo vimetengenezwa kwa zinki au shaba halafu vikapigwa kromu, sumaku haitashika ila kromu ipo, hivyo vioneeni huruma zaidi maana zinki chini ni laini na ikianza kuvimba inatoa malengelenge na hakuna kusugua kutakakoitibu.

Hatua ya pili ni kuosha, na hapa ndo watu wanaparukia. Kitoe kifaa kwenye pikipiki kama kinatoka, mafuta ya taa na mswaki wa zamani kwa ajili ya grisi na oili, halafu maji ya vuguvugu na sabuni, suuza kwa maji mengi. Mengi kweli. Mchanga wa pwani ni punje za kwatsi na kwatsi ni ngumu, ukianza kusugua na mchanga haujatoka basi tambara lako limegeuka msasa bila wewe kujua. Kausha, ukiangalie juani. Sasa hapo utaona hali halisi: pana uchafu tu, pana vidoa vya kutu juu juu, pana mashimo, na pana palipobanduka. Palipobanduka usipaguse, kingo za nikeli iliyoinuka zinakata kidole kama wembe, na ukisugua hapo unaendeleza mpasuko tu, hapo pana uamuzi wake nitauongelea mbele.

Kwenye vidoa vya kutu, dawa yangu ya kwanza na kwa kweli mara nyingi ya mwisho ni foili, ile ya aluminiamu ya kufungia chakula, ipo kila supamaketi. Kata kipande cha kiganja, kikunje kunje ovyo, kichovye kwenye maji safi, sugua kwa mkono mwepesi. Kwa nini inafanya kazi? Kuna kipimo cha ugumu cha Mohs, almasi ni 10, kromu iko kama 8.5, aluminiamu haifiki 3, kwa hiyo aluminiamu haina ubavu wa kuichimba kromu ila kutu iliyolala juu inaikwangua, na maji yanabeba. Unaposugua utaona uji wa kijivu unaanza kutoka, halafu unageuka kahawia, huo ndo kutu inatoka, ufute na tambara bichi, chovya tena, endelea. Na sikilizeni kwa sikio! Mwanzoni inakwaruza, inatoa mlio wa krrr chini ya vidole, ukifika kwenye kromu mlio unapotea na mkono unateleza. Mlio ukipotea, acha. Usiendelee kwa sababu eti unaona bado kuna vitone vyeusi, vile vitone ni mashimo, viko chini ya usawa wa kromu, huwezi kuvifuta bila kuifuta kromu yote iliyovizunguka. Mtu akishindwa kuacha hapo ndo anapoharibu, anataka kitone kitoke, anaongeza nguvu, anabadilisha foili anachukua stilwaya, akimaliza kitone bado kipo na pembeni yake pameota wingu.

Stilwaya ile ya sufuria tafadhali hapana. Ile laini kabisa inayoandikwa sufuri nne, 0000, ukiwa umeipaka oili, na sehemu ina kutu nene, hiyo sawa, lakini fahamu inaacha vipande vidogo vidogo vya chuma ambavyo vitaota kutu vyenyewe juu ya kromu yako na utadhani kazi haikufaa, ukiipata ya shaba ni bora zaidi. Msasa hapana kabisa, hata ule wa maji wa namba kubwa. Punje za msasa ni oksidi ya aluminiamu au silikoni kabaidi, zote ugumu wake ni 9 na zaidi, yaani zinaizidi kromu, zikipita zimepita. Na brashi ya waya ya kwenye mashine ya kusagia sitaki hata kuisikia kwenye kromu.

Sasa asidi. Hili naomba mnisikilize vizuri. Dawa nyingi za kusafishia choo zina asidi ya haidrokloriki, na najua kuna mafundi wanaipaka maana kutu inayeyuka mbele ya macho, inavutia. Asidi hiyo hiyo ndo inayotumika kwenye karakana za kromu kuiondoa kromu ya zamani kabla ya kupaka mpya! Yaani inayeyusha kromu. Ukiipaka leo rimu inang'aa, kesho imekuwa na unjano maana umebaki na nikeli, na kloridi iliyoingia kwenye vitundu inaendelea kula chuma chini kwa chini. Maji ya betri vilevile acha. Ukitaka asidi chukua ya ndimu, unga wa sitriki unauzwa, au siki, ni za taratibu, loweka kifaa kidogo kama bolti au kifuniko, kaa nacho hapohapo ukichungulia, usiende kulala ukakiacha, kikitoka suuza kwa maji yenye baking soda kidogo halafu maji safi halafu kausha mara moja. Na kamwe usichanganye asidi yoyote, hata ndimu, na dawa ya kuondolea madoa yenye klorini, inatoa gesi ya sumu, na gereji zetu nyingi zina mlango mmoja tu.

Ekzosi ina mambo yake. Ile rangi ya unjano, zambarau na bluu karibu na injini sio kutu, ni joto, uso wa chuma umeungua kidogo ukabadilika rangi. Polishi nzuri ya kromu inaweza kuipunguza au kuitoa kabisa, lakini ukiitoa bila kutibu chanzo unafanya kazi ya bure, wiki ijayo imerudi. Angalia mchanganyiko, petroli ni kidogo hewa nyingi? Gasketi ya ekzosi inavuta hewa? Taimingi, yaani muda wa plagi kutoa cheche, imechelewa? Rekebisha hayo kwanza ndo ung'arishe. Soli ya kandambili ikiyeyukia pale, washa injini kidogo tu ekzosi ipate uvuguvugu, zima, kwangua na kijiti cha mti, sio bisibisi. Na mtu akitaka kuchomelea ekzosi yenye kromu, kwanza aondoe kromu sehemu ya kuchomelea na afanyie kazi nje penye upepo, maana kromu ikiungua inatoa moshi wa kromu yenye sumu na huo unaumiza mapafu kweli.

Kuna kromu nyingine ambayo sio ya mapambo, ile ya mirija ya foku za mbele, inayopanda na kushuka ndani ya sili, ule mpira unaozuia oili isitoke. Hiyo ni nene zaidi na ina kazi. Shimo la kutu pale hata likiwa dogo kama ncha ya pini linachana sili, oili inavuja, inashuka mpaka kwenye breki ya mbele, na hapo tunaongelea maisha ya mtu. Pale usiridhike kwa sababu panang'aa, pitisha ukucha taratibu, ukucha ukikwama mrija huo upelekwe kwa fundi wa kuchonga au utafutwe mwingine.

Baada ya foili inakuja polishi. Polishi ya kromu ya dukani, kidogo sana, kwenye kitambaa cha pamba, fulana kuukuu iliyofuliwa ndo bora kuliko vitambaa vingi vya kununua, zungusha, futa kabla haijakauka kabisa, geuza upande safi, malizia. Ile polishi ya shaba ni kali kidogo, ukiitumia basi mkono uwe mwepesi na isiwe kila wiki. Halafu nta. Watu wanaishia kwenye polishi wanapiga picha wanaondoka, wakati polishi haizuii chochote, imesafisha tu. Nta ya gari ndo inayoziba vile vitundu na yale mashimo meusi, maji yasiingie. Paka, subiri iwe na ukungu, futa, rudia kwenye matundu ya spoku na kwenye mikunjo ya madigadi. Na upande wa ndani wa madigadi, ule usioonekana, ambao mara nyingi hata kiwandani haukupata kromu ya maana, huko ndo kuozea kunakoanzia, tope la mvua linakaa miezi. Osha huko, kausha, paka rangi ya kuzuia kutu au hata grisi nyepesi. Ndani ya rimu pia, chini ya utepe wa tyubu, fungueni muangalie, nimeona rimu nje inameremeta ndani inatoka magamba.

Naona mzee wangu pale anatikisa kichwa, najua anachotaka kuuliza, si tuipeleke tu ikapigwe kromu upya? Nijibu kwa heshima. Kama imebanduka, kama chuma kimetoboka, ndiyo, hakuna foili itakayosaidia. Ila mimi msimamo wangu ni kwamba kromu ya kiwandani yenye vidoa vichache ina thamani kuliko kromu mpya ya hovyo, na nitawaambia kwa nini. Ili ipigwe upya, ya zamani inatolewa kwa asidi na umeme, halafu chuma kinasuguliwa kwenye gurudumu la kung'arishia mpaka kiwe kioo, maana kromu haifichi kitu, mkwaruzo ukiwa chini utaonekana juu. Sasa gurudumu lile linafuta alama zote. Chukua rimu ya Kijapani, pale palipoandikwa DID, jina la kiwanda, au rimu ya Kiingereza imegongwa Dunlop na saizi yake WM2 au WM1, zile herufi zinaliwa, kona zinaviringika, na herufi zikishaliwa huwezi tena kumwonyesha mtu kwamba rimu ni ya asili. Tangi la zile Honda za miaka ya 60 lenye mbavu za kromu na mpira wa magoti, ule mstari mkali kati ya kromu na rangi ukishaviringika uzuri wote umekwenda.

Na kuna hatari ambayo haisemwi sana. Chuma kigumu kama spoku, springi na bolti za nguvu kikipita kwenye asidi na umeme kinanyonya haidrojeni, kinakuwa kikavu, kinaweza kukatika ghafla ukiwa barabarani bila hata kupinda kwanza. Karakana inayojua kazi inavioka kwenye tanuri mara tu baada ya kupaka ili haidrojeni itoke. Muulize fundi swali hilo, asipolijua usimpe spoku zako. Halafu tuwafikirie na hao wanaofanya kazi hiyo, maji ya kromu ya aina ya zamani, kromu heksavalenti, yanasababisha saratani ya mapafu na yanatoboa ukuta wa pua, ndo maana Umoja wa Ulaya tangu Septemba 2017 kuitumia ni lazima uwe na kibali maalum. Kijana anayechovya madigadi yako bila glavu wala feni ya kutoa mvuke analipia mng'ao wako kwa mwili wake. Nikiona karakana ya hivyo kifaa changu sikiachi pale, hata kama bei ni nusu.

La kutunza nilimalize haraka maana jua linapanda. Mnaokaa Raskazone na huko kote karibu na maji, chumvi inakuja na upepo hata pikipiki ikiwa imelala, kwa hiyo maji ya bomba kila wiki, tambara, nta kila baada ya miezi miwili mitatu. Turubai la nailoni msilitumie ndani, linafungia unyevu, tumieni shuka la pamba. Pikipiki isiyotembea muda mrefu ipakeni mafuta mazito kwenye kromu yote, vaselini inatosha, itaonekana chafu lakini itawasubiri. Na dawa ya vanishi ya kupuliza juu ya kromu siipendekezi, haishiki vizuri kwenye uso laini hivyo, inabanduka vipande na maji yanajificha chini yake.

Haya, meza ile pale ina ndoo mbili za maji, foili, fulana na nta, na nimeleta rimu ya nyuma ambayo nusu sijaigusa ili mjaribu wenyewe na muusikie ule mlio. Mwenye madigadi au ekzosi yake ailete tuiangalie pamoja juani kabla haijaguswa na chochote, tuanze na wazee.